Kuzunguka wangwa wa Venice na visiwa vyake kwa boti-nyumba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu anayetaka kukodi boti yenye vitanda, jiko na choo, aiendeshe mwenyewe, na alale karibu na visiwa ambavyo watalii wengi wa Venice huviona kwa saa mbili tu au hawavioni kabisa. Mengi hapa yanahusu maji kupwa na kujaa, kwa sababu ndiyo yanayoamua utafika wapi na saa ngapi.

Wangwa huu ukoje hasa?

Ni maji ya chumvi yenye eneo la takriban kilomita za mraba 550, yaliyotengwa na Bahari ya Adria kwa kanda nyembamba za mchanga. Urefu wake kutoka kaskazini mashariki hadi kusini magharibi ni kama kilomita 50. Bahari huingia na kutoka kwa milango mitatu: Lido, Malamocco na Chioggia. Ukitazama kwa macho utadhani ni ziwa pana ambalo unaweza kulikata popote. Sivyo. Sehemu kubwa ina kina cha mita 1 hivi au pungufu, na boti hupita kwenye mifereji iliyochimbwa au iliyochongwa na mikondo. Nje ya mifereji kuna matope, na kuna visiwa tambarare vya majani yanayostahimili chumvi ambavyo wenyeji huviita barene. Maji yakijaa sana, hata barene hufunikwa, na hapo ndipo mgeni hupotea njia.

Je, nahitaji leseni ya kuendesha boti?

Kwa boti-nyumba nyingi za kukodi, hapana. Sheria ya Italia inaruhusu kuendesha bila leseni boti ya burudani ambayo injini yake haizidi kilowati 30 (nguvu-farasi 40 na kidogo), na kampuni za kukodisha hufunga injini za kiwango hicho. Nahodha awe ametimiza miaka 18.

Kabla ya kuondoka utapewa mafunzo mafupi gatini. Usiyamalize mpaka umefanya mambo manne kwa mikono yako: kuzima na kuwasha injini, kufungua na kusafisha chujio la maji ya kupozea injini, kushusha na kupandisha nanga, na kuiegesha boti ubavuni mwa gati kwa kurudi nyuma. Watu wengi hufanyishwa zoezi la kwenda mbele tu. Boti-nyumba ikienda mbele ni tulivu. Ikirudi nyuma hufuata upepo kuliko usukani.

Naweza kuingia nayo Venice mjini na kupita Mfereji Mkuu?

Hapana. Mfereji Mkuu na mifereji ya ndani ya mji wa kale imefungwa kwa boti-nyumba za kukodi. Hata kando ya mji, mbele ya San Marco, msongamano wa vaporetto (boti za umma za abiria), teksi za maji na boti za mizigo huleta mawimbi yanayogongana kutoka pande zote, na boti ndefu yenye injini ndogo haina raha hapo.

Ushauri wetu ni kwamba mjini uende kwa vaporetto. Ifunge boti katika kisiwa cha Certosa, ambako kuna marina na kituo cha vaporetto, au Mazzorbo karibu na Burano, kisha upande chombo cha umma. Laini ya 12 huunganisha Burano, Mazzorbo na Murano na kituo cha Fondamente Nove mjini. Laini ya 13 huhudumia Vignole na Sant'Erasmo.

Kuna pia ada ya kuingia mji wa kale kwa wageni wa kutwa, iliyoanza Aprili 2024. Hutozwa siku maalum tu za msimu, kati ya saa 2:30 asubuhi na saa 10 jioni, na hulipwa mtandaoni. Visiwa vidogo kama Burano, Torcello na Murano havimo. Kagua kalenda ya manispaa kabla hujapanga siku ya kwenda mjini.

Maji hupanda na kushuka kiasi gani?

Kwa mtu wa Lamu, Tanga au Unguja, aliyezoea mita 3 na zaidi wakati wa bamvua (siku maji yanapojaa na kupwa zaidi), hapa ni kidogo: mita 1 hivi kwenye bamvua, na pungufu sana maji yakiwa mafu (siku yanapojaa na kupwa kidogo). Lakini usiyadharau. Palipo na kina cha mita 1.4, kushuka kwa sentimita 80 ndiko kunakotofautisha njia na tope.

Kipimo rasmi kiko Punta della Salute mjini. Utabiri hutolewa kwa sentimita juu au chini ya sifuri iliyowekwa mwaka 1897. Tangu hapo bahari imepanda na ardhi imezama, hivyo wastani wa siku hizi uko karibu sentimita 30 juu ya sifuri hiyo. Kwa maana hiyo, ukisoma "+30" usifikiri maji yamejaa. Hayo ni ya kawaida tu. Ukisoma "−10" jua maji yamekauka kwelikweli, na mifereji midogo iache.

Hesabu ni nyepesi. Tuseme ramani yako inapima kina kutoka sifuri hiyo hiyo, na mfereji una mita 1.2. Utabiri wa kupwa ni +10, basi maji ni mita 1.3. Boti inazama mita 0.9. Umebaki na sentimita 40 chini ya boti. Sentimita 30 ndiyo akiba ndogo kabisa tunayoshauri, maana matope huhama na ramani huchelewa.

Mambo mawili huwachanganya wageni. Kwanza, maji hayafiki kila mahali kwa wakati mmoja: pembe za kaskazini, upande wa Burano na Torcello, huchelewa saa moja au zaidi kuliko mlango wa Lido. Pili, ni saa zenyewe. Majedwali huandikwa kwa mtindo wa saa 24, na mengine hufuata saa ya majira ya baridi, ambapo kiangazi lazima uongeze saa 1. Anayehesabu saa kwa Kiswahili aziandike vilevile zilivyo kwenye jedwali, 05:40 au 14:20, na asizigeuze kichwani akiwa usukanini.

Nitajuaje mfereji uko wapi?

Kwa nguzo. Mifereji imewekewa alama ya bricole, yaani nguzo mbili au tatu za mbao, aghalabu mwaloni, zilizofungwa pamoja kwa juu. Upande wenye kibao cha namba au kiakisi cha mwanga ndio unaotazama mfereji. Ukiona mgongo mtupu wa nguzo, huenda uko upande wa matope: punguza mwendo mara moja, usigeuze kwa pupa. Kundi la nguzo lenye moja ya katikati iliyo ndefu kuliko wenzake, wenyeji huliita dama. Huonyesha mwanzo au makutano ya mifereji.

Mara nyingi nguzo ziko upande mmoja tu wa mfereji. Pita karibu nazo, mita 5 hadi 10, badala ya kuukisia upande wa pili. Ukikutana na chombo kingine, shika mkono wa kulia.

Nguzo hizi huliwa na wadudu wa baharini wanaotoboa mbao, hasa pale maji yanapopanda na kushuka. Huanza kukonda kiunoni, kisha hukatika, na kisiki hubaki chini ya maji. Kwa hiyo palipo na pengo katika mstari wa nguzo, chukulia kwamba kuna kisiki. Usifunge boti kwenye bricole. Imekatazwa, na nguzo iliyoliwa haitaishika boti ya tani kadhaa upepo ukivuma.

Mwendo unaoruhusiwa ni upi?

Fuata vibao. Kwenye mifereji midogo na karibu na makazi ni kilomita 5 au 7 kwa saa. Mifereji mipana zaidi huruhusu 11, na mingine ya nje hadi 20. Boti-nyumba yako haitapita 10 hivi, kwa hiyo tatizo lako liko kwenye vibao vya 5 na 7. Tazama nyuma: ukiona wimbi linapanda ukingo wa barena na kurudi na rangi ya kahawia, unaenda kasi hata kama kibao kinakuruhusu. Mawimbi ya vyombo ni moja ya sababu kubwa za kumomonyoka kwa barene na misingi ya nyumba, na anayependa wangwa huu hana budi kulijali jambo hilo.

Nikikwama kwenye matope nifanyeje?

Utakwama, walau kidogo. Matope ni laini na boti kwa kawaida haidhuriki. Kinachoharibu ni hasira ya injini. Rafadha (panga la injini) ikivuruga tope, chujio la maji ya kupozea huziba, injini hupata joto, na sasa una matatizo mawili.

Weka gia katikati mara tu unapohisi boti inakuwa nzito au usukani unalegea. Tazama jedwali: maji yanajaa au yanapwa? Kama yanajaa, shusha nanga ndogo ili boti isije ikasukumwa ndani zaidi, pika chai, ngoja. Kama yanapwa, una dakika chache tu. Hamisha watu wote upande ambao haujakwama, tia gia ya nyuma kwa mzunguko mdogo, na mtu mmoja asukume kwa pondo (mti mrefu) kutoka omo, yaani mbele ya boti. Usigeuze usukani huku ukirudi nyuma. Toka kwa njia ile ile uliyoingilia. Jaribu mara mbili au tatu, kisha acha. Boti ikishapwelewa, kulazimisha ni kuharibu rafadha.

Ukishatoka, kabla ya kuendelea, tazama bomba la kutolea maji ya kupozea. Maji yakitoka kwa kudondoka badala ya kuruka kwa nguvu, zima injini, funga bomba la kuingiza maji ya bahari, fungua chujio, lioshe, lirudishe, fungua bomba tena. Wengi husahau hatua hiyo ya mwisho.

Mtu asishuke kusukuma kwa miguu. Tope la hapa humeza hadi mapajani, na magamba ya chaza hukata.

Dharura ya baharini piga 1530, walinzi wa pwani. Dharura yoyote 112. Redioni ni chaneli 16.

Upepo upi ni wa kuogopwa?

Bora, unaotoka kaskazini mashariki. Huja ghafla, baridi na kwa mafungu, na boti-nyumba ina kuta ndefu kama tanga. Ukitabiriwa, kaa umefungwa. Scirocco wa kusini mashariki ni wa joto na hausukumi boti kwa ukali ule, lakini husukuma maji ya Adria kuelekea kaskazini na kuyarundika Venice. Ndio ulioleta gharika ya tarehe 4 Novemba 1966, maji yalipofika sentimita 194. Kiangazi, zaidi Julai na Agosti, tazama mawingu meusi upande wa bara alasiri: dhoruba ya radi huweza kukufikia kabla hujafunga kamba.

Na yale malango ya MOSE yakiinuliwa?

MOSE ni malango 78 ya kuzuia maji ya bahari, yaliyolazwa chini ya bahari katika milango mitatu, yakainuliwa kwa kazi mara ya kwanza tarehe 3 Oktoba 2020. Huinuliwa utabiri unapofika kiwango cha sentimita 110 hivi, mara nyingi kati ya vuli na majira ya baridi. Wewe hutakiwi kwenda bahari ya nje na boti ya kukodi, kwa hiyo hayakuzuii. Ila siku hiyo ndani ya wangwa maji hayatafuata jedwali. Acha mipango ya mifereji midogo.

Nianzie wapi safari?

Vituo viwili vinavyotumika sana ni Casale sul Sile upande wa kaskazini na Chioggia upande wa kusini.

Mto Sile ni bora kwa anayeanza. Unajifunza usukani mtoni, mahali pasipo na mawimbi, kisha unafika Portegrandi, penye mlango wa kupandishia na kushushia vyombo kati ya mto na wangwa. Mto huo uligeuzwa na Wavenisi karne ya 17 ili udongo na maji baridi visijaze wangwa, ndiyo maana leo huingii moja kwa moja. Ndani ya mlango wa maji usifunge kamba kwa fundo: izungushe, mtu aishike mkononi na kuilegeza au kuivuta maji yanavyobadilika. Kamba iliyofungwa huitundika boti. Zima mipango yote ya haraka pale. Saa za kufunguliwa uliza kituoni asubuhi hiyo hiyo. Ukitoka, fuata mfereji wa Silone kuelekea Torcello na Burano.

Anayeanzia Chioggia hupanda kaskazini nyuma ya Pellestrina na Lido, takriban kilomita 25 hadi Venice, saa tatu na zaidi bila kusimama. Hapo lazima ukate mlango wa Malamocco, zinakopita meli kubwa za kwenda bandari ya Marghera. Mkondo wa bamvua huko huzidi mita 1 kwa sekunde, na boti yako haifikishi 3. Kata wakati maji yamesimama, kwa pembe ya mraba, na usikate mbele ya meli hata ikionekana mbali.

Visiwa gani vitulivu vinafaa kulala?

Torcello kwanza. Kanisa kuu la Santa Maria Assunta lilianzishwa mwaka 639, na ukuta wake wa magharibi una picha ya Siku ya Hukumu iliyotengenezwa kwa vipande vidogo vya vioo. Kisiwa kiliwahi kuwa na maelfu ya watu kabla ya malaria na mchanga kukimaliza. Leo wakazi ni wachache mno. Mchana kuna misafara ya watalii. Ikifika jioni, chombo cha mwisho kikiondoka, unabaki na ndege na kengele. Duka hakuna, kwa hiyo nunua mkate Burano.

Mazzorbo kimeungana na Burano kwa daraja la mbao. Lala Mazzorbo, vuka kwa miguu kwenda Burano kabla ya saa 3 asubuhi, wakati wenyeji bado wanafagia mbele ya nyumba zao za rangi, na urudi kabla umati haujafika.

Sant'Erasmo ndicho tunachokipenda kuliko vyote na ndicho kinachorukwa zaidi. Ni kisiwa cha mashamba. Atichoki zake za zambarau huvunwa majira ya kuchipua, na vile vichwa vya kwanza vinavyokatwa mapema, castraure, huliwa vibichi kwa mafuta na limau. Beba baiskeli; njia ni tambarare. Upande wa kusini mashariki, mbele ya fungu la mchanga la Bacan, ndipo wenyeji huoga kiangazi. Kuogelea kwenye mifereji ya Venice kumekatazwa na ni hatari kwa sababu ya vyombo.

San Francesco del Deserto kina monasteri ya Wafransisko. Inaaminika Fransisko wa Assisi alipumzika hapo mwaka 1220 akitoka Misri. Wageni hupokewa kwa saa maalum na kwa staha. Si mahali pa kulala.

Kusini, San Lazzaro degli Armeni ni cha watawa wa Kiarmenia tangu 1717, wenye maktaba kubwa. Kinafikika kwa vaporetto laini ya 20, na hiyo ni rahisi kuliko kuhangaika na gati lao. Pellestrina ni kamba ndefu ya nyumba za wavuvi, yenye ukuta wa mawe ya Istria uliokamilishwa 1782 kuzuia bahari. Lazzaretto Nuovo, ambacho kiko kaskazini karibu na Sant'Erasmo, kilikuwa cha karantini tangu 1468. Huonyeshwa na waongozaji tu.

Murano kina kelele zaidi, lakini kina habari inayotugusa: shanga za vioo za Venice zilisafirishwa hadi Zanzibar na kupelekwa bara na misafara ya karne ya 19, zikitumika kama fedha.

Boti nifungeje ili isining'inie usiku?

Uliza kwanza kama gati linaelea. Linaloelea hupanda na kushuka na boti, hivyo kamba fupi zinatosha. Gati la mawe au nguzo zisizosogea ni jambo jingine: kamba fupi iliyokazwa maji yakiwa yamejaa, saa sita baadaye inabeba uzito wa boti, na hung'oa chuma cha kufungia. Tumia kamba ndefu zinazolala. Ya omo ipeleke nyuma, ya tezi (nyuma ya boti) ilete mbele, zipishane ubavuni. Urefu huo huzipa nafasi ya mita 1 bila boti kutangatanga. Mipira ya ubavuni ining'inize kwa viwango viwili, mingine juu, mingine karibu na maji.

Unapokaribia, tazama upepo na mkondo, upi una nguvu, kisha uingie ukiukabili. Kamba ya upande upepo unakotoka ndiyo ya kwanza. Na tazama mstari wa mwani wa kijani kwenye gati: unaonyesha maji hujaa hadi wapi kwa kawaida. Ukiwa mita nzima juu ya kichwa cha mipira yako, maji bado yanakuja.

Usifunge kwenye vituo vya vaporetto hata kwa dakika mbili.

Naweza kutia nanga popote?

Mchana, nje ya mfereji wenye alama, ndiyo. Mnyororo uwe mara tano ya kina cha maji yaliyojaa. Kaa mbali na uzio na nyavu za mabwawa ya samaki, ambayo ni mali ya watu. Chaza na kombe usichimbe. Kuvua kunahitaji kibali. Usiku haturuhusu nafsi zetu kupendekeza nanga kwa mgeni, na mikataba mingi ya kukodi hukataza kabisa kusafiri baada ya jua kuzama.

Msimu gani ni mzuri?

Mei, nusu ya kwanza ya Juni, na Septemba. Julai na Agosti kuna joto, bei ya juu na mbu wengi jioni kwenye barene. Chandarua cha madirisha kagua siku ya kwanza. Majira ya baridi huleta ukungu, na boti nyingi huwa zimepandishwa.

Maji, umeme na mafuta vikoje?

Matangi mengi ya maji ni lita mia kadhaa. Watu wanne wakioga kila siku huyamaliza kwa siku mbili au tatu, kwa hiyo jaza kila upatapo bomba. Maji ya moto hutoka kwenye joto la injini: oga mara baada ya kufika, si asubuhi. Betri huchajiwa ukiwa unasafiri, na friji ndiyo inayozinyonya usiku. Dizeli ni lita 3 hadi 5 kwa saa, na kampuni nyingi hutoza kwa saa za injini.

Natoka Afrika Mashariki. Visa?

Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji visa ya Schengen. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Bima ya matibabu iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Ombi hupelekwa si mapema kuliko miezi 6 na si baada ya kubaki siku 15. Ambatisha mkataba wa boti unaoonyesha tarehe na majina ya wote, pamoja na hifadhi ya hoteli kwa usiku wa kabla na baada, kwa kuwa boti hukabidhiwa alasiri na kurudishwa asubuhi. Mwenye kibali cha kuishi nchi ya Schengen haombi visa. Abebe kibali na pasipoti.

Kwenye kurudisha boti, watu hupoteza wapi dhamana?

Kwenye rafadha iliyokunjwa, mipira ya ubavuni iliyopotea, na choo kilichoziba kwa karatasi. Piga picha za ubavu, omo na tezi kabla ya kuondoka, maji yakiwa yametulia. Usiku wa mwisho lala si zaidi ya saa 2 za safari kutoka kituoni, na kama unarudi Casale, uwe umeshapita Portegrandi jioni ya kabla.